Je, Seretse angekuwa binti, wangesimama?

BintiKibokoni | Jumamosi, saa 4:50 usiku

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Nina swali la filamu, lakini limeingia mpaka sebuleni kwetu, kwa hivyo mnivumilie.

Jana usiku tulikaa mie, mamangu, nyanya na ami yangu mkubwa, tukaangalia A United Kingdom, ile iliyotoka 2016. Imelala kwenye fleshi yangu siku nyingi na mie nilishaiona mbele. Nyanya Kiingereza hajui, basi nikawa mkalimani. Nikitafsiri neno moja, yeye ameshauliza matatu.

Kwa ambaye hajaiona, ni kisa cha kweli. Seretse Khama alizaliwa 1921 Serowe, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Bechuanaland na leo ni Botswana. Babake alikufa 1925, mtoto akarithi kiti cha Bamangwato, kabila lao, akiwa na miaka minne, na ami yake, Tshekedi, akamshikia utawala huku akimlea. Akasomeshwa mpaka Oxford, kisha akawa London kwa masomo ya uwakili. Huko, mwaka wa 1947, kwenye dansi la wamishonari (mie sikujua wamishonari walikuwa na madansi) akakutana na Ruth Williams, karani wa Kiingereza aliyekuwa amelitumikia jeshi la anga wakati wa vita. Septemba 1948 wakaoana mbele ya msajili, maana kanisa lilikataa kuwafungisha. Babake Ruth hataki, ami hataki, serikali ya Uingereza haitaki, na Afrika Kusini, ambayo mwaka huohuo imemweka Malan kuwa waziri mkuu na siasa yake ya ubaguzi, haitaki hata kusikia.

Nyanya alimpenda Ruth tangu mwanzo. Kila akitokea, "maskini, mtoto wa watu." Ami alikaa kimya na kahawa yake mpaka pale Tshekedi anapomkemea kijana kwa kuoa bila kuwauliza wazee. Akaweka kikombe chini.

"Huyo ana haki," akasema. "Amemlea, amemsomesha, amemuekea kiti chake miaka yote hiyo hakukikalia yeye. Hata kuulizwa hakuulizwa."

Hapo hapo stima zikapotea. Mtaa mzima giza. Mamangu akawasha tochi ya simu akaielekeza darini, na bila kumtazama mtu akasema, "Na yule wa Mumias je?"

Jamani, jina la Mumias halikutajwa nyumbani kwetu tangu 2012.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 26. Kulikuwa na kijana akifanya kazi ya kliaringi bandarini, kwao Mumias, magharibi mwa Kenya. Muislamu, na wala si wa kusilimu jana, babu wa babu yake aliswali. Alileta posa kama inavyotakiwa, akatuma wazee wawili waliosafiri usiku kucha kwa basi. Babangu alikuwa ameshafariki na kakangu yuko mbali, kwa hivyo neno lilikuwa la ami. Akawakaribisha, akawanywesha kahawa na halua, akawaambia watapelekewa jibu. Jibu lilikuwa neno moja: si kufu. Hakusema Mluhya, hakusema mtu wa bara. Kwa msiotoka pwani, kufu ni kule mume kulingana na mke kwa nasaba na hali. Likishatamkwa hilo, mazungumzo yamekwisha, watu wanaulizana habari za mvua.

Miaka miwili kabla ya hapo kakangu alioa Mjerumani, msichana wa Stuttgart aliyekuja Nyali kwa likizo ya wiki tatu. Vigelegele vilisikika mpaka Makadara. Ami mwenyewe alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, kavaa koti. Hakuna aliyeuliza babake ni nani wala babu yake alifanya nini. Akasilimu, akapewa jina, akafunzwa biriani (bado hajaiweza), na picha yao iko ukutani hadi leo.

Sijaja hapa kulia. Nimeolewa, nina watoto wawili, na baba yao ni mtu mwema. Lakini stima ziliporudi saa sita kila mmoja ameshakwenda kulala, na mie nikabaki na swali. Mbele kidogo ya pale tulipokatikiwa, Seretse anasimama kwenye kgotla, baraza lao, na habari yake ya kweli ni kwamba aliwaambia watu: anayemkubali mke wangu asimame. Wakasimama karibu wote. Sasa angekuwa binti wa mfalme, kaleta mume Mzungu, wangesimama?

---

MzeeTononoka | Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Mwanangu, nimefundisha historia sekondari miaka 31, kwa hivyo uniwie radhi nianze na masahihisho kabla sijakujibu.

Filamu imekifanya kikao kiwe kimoja. Vilikuwa vitatu. Novemba 1948 baraza liliikataa ndoa. Desemba likakutana tena, bado walio wengi hawataki. Ni Juni 1949 ndipo watu waliposimama. Kama miezi saba. Mtu aliyesema hapana Novemba alikuwa na ruhusa ya kusema ndiyo Juni, na hakuna aliyemcheka. Jibu ulilopewa wewe lilichukua siku ngapi?

La pili. Hawakusimama kwa mapenzi ya Ruth peke yake. Wengi walihofu kwamba Tshekedi sasa anakitaka kiti. Walipima: mfalme wetu na mke Mzungu, au ami moja kwa moja? Wakamchagua mfalme wao. Kwa hivyo angekuwa binti, sidhani. Kiti kile hakikumngojea binti, na bila kiti hakuna cha kupimwa. Kgotla yenyewe ilikuwa ya wanaume. Hilo filamu haikulisemea sana.

Ila nakuomba usimuweke Tshekedi kapu moja na wale wa London. Mzee yule alikuwa na uti wa mgongo. Mwaka wa 1933 alihukumu Mzungu mmoja mkorofi apigwe viboko, na Waingereza wakaleta wanajeshi wa majini na mizinga, nchi ambayo haina hata bahari, ili wamsimamishe. Wiki chache baadaye wakamrudisha. Mtu wa namna hiyo hakukataa Ruth ili kuwafurahisha wakoloni. Alisema mke wa mfalme huletwa na taifa, basi.

Wakoloni shida yao ilikuwa nyingine. Uingereza imetoka vitani na madeni, inahitaji dhahabu ya Afrika Kusini na inaitamani urani yake. Malan hataki kuona, mpakani mwake, mfalme mweusi na malkia mweupe wakati yeye mwaka wa 1949 amepitisha sheria ya kuharamisha ndoa za namna hiyo. Waziri Mkuu Attlee na chama chake cha Labour wakaunda tume ya jaji, Harragin. Tume ikaona kijana anafaa kutawala, ila ndoa yake ndiyo balaa, kwa sababu majirani hawataipenda. Ripoti ikafungiwa kabatini miaka 30. Mapema 1950 wakamwita London kwa maneno matamu, alipofika wakamwambia harudi kwao miaka mitano. Churchill akiwa upinzani alilaani, na serikali yake ilipoingia ikageuza marufuku iwe ya maisha. Hapo filamu imesema kweli.

Na sasa jambo ambalo Mkenya yeyote akiliona ataruka. Unajua nani alikuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza kule, aliyeshauri Seretse asitambuliwe? Evelyn Baring. Huyo huyo! Machi 1950 alikwenda Serowe na sare yake kuwatangazia watu uamuzi wa serikali, akakuta uwanja mtupu. Watu walisusia. Miaka miwili na ushei baadaye akaletwa kwetu kuwa Gavana, na Oktoba 1952 akatangaza hali ya hatari. Nikilisomesha hilo darasani vijana waliokuwa wakisinzia huamka.

Kumhamisha mtawala ili nchi inyamaze ni mtindo wao wa zamani. Kabaka Mutesa wa Buganda walimpeleka London 1953. Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita vya dakika arubaini Unguja 1896, walimzungusha Ushelisheli na St Helena, na akaja kufia hapa hapa Mombasa 1927.

---

ShangaziLikoni | Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Mwalimu, ahsante kwa somo. Lakini shoga yangu ameuliza habari za binti na wewe umetupeleka St Helena.

BintiKibokoni, mie naona binti unayemtafuta yuko mumo humo kwenye filamu. Ni Ruth. Umemtazama Seretse sana, hukumtazama yeye. Nani alimkusanyikia Ruth baraza? Nani aliuliza watu wa Blackheath, mtaa wao London, anayemkubali mume wake asimame? Hakuna kgotla kwao. Kulikuwa na baba mmoja, akafunga mlango. Hakupewa vikao vitatu, hakupewa hata kimoja. Akafunga virago akaenda nchi asiyoijua, akapata mimba, mumewe akaitwa London akazuiwa huko, na yeye akajifungua mtoto wa kwanza bila mume, 1950. Mie hapo nililia kweli, na si mtu wa kulia filamu.

Kwa hivyo jibu unalo. Angekuwa binti angefanyiwa aliyofanyiwa Ruth.

Na hilo la kufu mie nalijua. Kwetu Wadigo mwanamume wa Mji wa Kale akija kuchukua binti yetu ni heri, tunapika. Kijana wetu akivuka feri kwenda kuposa huko kwenu, anarudi na feri inayofuata.

---

KijanaWaTudor | Jumapili, saa 6:05 mchana

Feri inayofuata 😂😂 Shangazi umeua.

Mie nitasema la upande wa muvi tu. Ni nzuri kuangalia, picha za Botswana zimetulia, na walikwenda kupiga Serowe kwenyewe, si kudanganya na jangwa la nchi nyingine. Lakini imepakwa sukari. Wale mabwana wa kikoloni, yule Canning na mwenzake, ni wa kubuni, wamekusanyiwa ubaya wote wa serikali ili tuwe na mtu wa kumchukia. Na habari ya almasi wameisogeza nyuma. Almasi ya Orapa iligunduliwa 1967, Botswana ina mwaka mmoja wa uhuru. Ukiangalia muvi utadhani yote yalikuwa juu ya almasi.

Kitu kimoja kilichonifurahisha. Yule mke wa Canning, bibi wa Kizungu mwenye dharau, anayemuelekeza Ruth kama anaelekeza yaya? Huyo ni Jessica Oyelowo. Mke wa kweli wa David Oyelowo aliyecheza Seretse. Yaani mchana anamdharau mke wa mtu kwa kuolewa na mweusi, jioni anarudi na mume wake mweusi kula. Mie ningecheka mbele ya kamera.

Halafu dada, swali. Kama kijana angekuwa Mzungu Muislamu badala ya wa Mumias, ami angesema kufu?

---

BintiKibokoni | Jumapili, saa 8:20 mchana

Kijana, hilo ndilo lililonikosesha usingizi mie. Sina jibu la kuapia. Nadhani angetafuta njia. Angesema "ni wa Kitabu hata kabla hajasilimu" au kitu kama hicho.

Shangazi, umenigeuza. Nimekwenda kuirudia ile sehemu ya babake Ruth. Dakika chache tu, na mie nilikuwa nimeipita kama njia ya kufikia Afrika.

---

MtuWaShangani | Jumapili, saa 2:30 usiku

Habari zenu kutoka Unguja. Nawasoma tangu asubuhi nikingoja mtu amtaje Salme, naona mnampita tu. Binti wa mfalme aliyeleta Mzungu hatuna haja ya kumdhania. Tunaye.

Sayyida Salme binti Said, kazaliwa 1844, baba Sayyid Said mwenyewe, Sultani wa Unguja. Nyumba yake ya mjini ilipakana na ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete wa Hamburg. Mwaka wa 1866 ikajulikana ana mimba yake. Akatoroshwa kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden, huko akabatizwa na kuolewa 1867, wakaenda Hamburg. Akawa Emily. Miaka mitatu tu, mume akagongwa na tramu ya farasi akafa, akabaki na watoto watatu wadogo ugenini. Kaka zake hawakumtaka wala hawakumpa urithi wake. 1885 alirudi Unguja akiwa kwenye meli za kivita za Wajerumani, Bismarck, kansela wao, akimtumia kumtishia kakake Barghash, aliyekuwa Sultani, na Barghash hakumuona. Alifariki 1924. Katika vitu vyake walikuta mfuko wa mchanga wa pwani ya kwao.

Kwa hivyo dada, hawakusimama. Na tazameni siasa: Seretse Waingereza walimzuia kwa sababu ndoa yake iliwaharibia hesabu. Salme waliomsafirisha ni hao hao Waingereza, na waliomrudisha ni Wajerumani, wakati ndoa yake iliwafaa katika hesabu zao.

Nisiseme kwetu dhambi ni za wafalme peke yao. Mwaka wa 1970, baada ya mapinduzi, wasichana wanne wenye asili ya Iran waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, kwa jina la kuchanganya makabila. Watu wazima huku bado hupunguza sauti wakilitaja. Ndoa ya rangi mbili haiwi safi kwa kuwa ni ya rangi mbili. Wale wasichana ndio walikuwa wa kuulizwa.

---

MzeeTononoka | Jumapili, saa 3:10 usiku

Nimesahihishwa. Salme alikuwa mdomoni mwangu nikamwacha kwa kumkimbilia Baring.

BintiKibokoni, jambo moja ambalo ami yako hakuliona kwa sababu ya stima. Tshekedi hakuishia pale. Yeye mwenyewe naye alifukuzwa katika ardhi ya Bamangwato, na baadaye akageuka akawa anaidai ruhusa ya mwanawe arudi. Walipatana. 1956 Seretse na Ruth wakarudi Serowe kama raia wa kawaida, baada ya wote wawili, ami na mtoto, kukiacha kiti. Tshekedi alifariki 1959. Uhuru ulipokuja Septemba 30, 1966, Seretse akawa Rais. Filamu inayo hiyo sehemu ya kupatana. Muonyeshe.

---

BintiKibokoni | Jumanne, saa 5:30 usiku

Nimemuonyesha.

Nilimwambia ami kwamba ile filamu ina mwisho, na yule mzee anayemuunga mkono hakubaki vile. Akasema, "Weka." Safari hii nyanya alikuwa keshalala, mamangu jikoni akikaanga viazi vya karai na mlango wazi ili asikie. Nikaanzia pale pale tulipokatikiwa.

Baraza lilipoanza kusimama ami alisogea mbele kwenye kiti. Aliuliza, "Wanawake wako wapi?" Nikamwambia Mzee Tononoka, mwalimu mmoja, amesema kgotla ilikuwa ya wanaume. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya samaki. Kwenye uzazi wa Ruth alitoka nje kidogo, akasema anapiga simu. Simu yake ilikuwa mezani.

Ami na mtoto walipokaa pamoja na kupatana, hakusema kitu. Nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho kuliko nilivyotazama filamu. Ilipokwisha nikamsimulia ya Salme pia, na ule mchanga. Salme anamjua, alisema hata babu yake alikuwa na la kusema juu yake, ila mchanga hakuusikia kabla.

Akakaa. Mamangu akaleta viazi na ukwaju. Ami akala kimoja, akajipangusa mikono kwa leso yake taratibu, kidole baada ya kidole, kisha akaniuliza, "Yule kijana alioa?"

Nikamwambia ameoa, ana watoto watatu, yuko Mumias siku hizi, ana duka la vifaa vya ujenzi.

"Umejuaje?"

"Facebook."

"Mumeo anajua kwamba unajua?"

Nikamwambia anajua, ndiye aliyenionyesha duka. Wanafuatana.

Mamangu akacheka mpaka akakaa. Ami hakucheka. Alisema wale wazee wawili walikuwa watu wa adabu sana, mmoja alikuwa na kikohozi, na yeye alikuwa na dawa ya kikohozi ndani ya kabati siku ile na hakumpa. Akairudia mara mbili, hiyo ya dawa. Halafu akaniomba nimwekee tena pale wanapopatana.

---

ShangaziLikoni | Jumanne, saa 5:52 usiku

Umemwekea?

---

BintiKibokoni | Jumanne, saa 5:55 usiku

Mara tatu. Sasa hivi amelala kwenye kiti na rimoti mkononi.